Kaya: Misitu ya wazee walioitwa wachawi

PENYE wazee haliharibiki neno. Ndivyo tulivyofunzwa tangu utotoni, nyumbani na hata shuleni. Lakini katika baadhi ya vijiji vya Kilifi, kuanzia Ganze hadi Magarini na Kaloleni, wako wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, si kwa kutaka urembo wala kujifanya vijana. Wanaficha mvi. Wanahofia kwamba siku mtoto wa jirani atakapougua ghafla, au ng'ombe wa mtu atakapokufa bila sababu kujulikana, kidole kitamwelekea mwenye kichwa cheupe.

Wengi wamekwisha kuuawa kwa njia hiyo. Wengine wamekatwa kwa mapanga usiku, wengine wamechomewa nyumba, na wengine wameacha mashamba yao na kwenda kuishi ugenini wakiwa na umri wa kupumzika na kucheza na wajukuu.

Mpenzi msomaji, ukiwauliza watu wa mjini kisa hiki kinatokana na nini, aghalabu utajibiwa kwamba ni mambo ya mila za Wamijikenda. Utaambiwa kwamba watu hao wana misitu ya siri iitwayo kaya, kwamba wazee wao wanaabudu mizimu, na kwamba uchawi na kaya ni kitu kimoja. Jawabu hilo ni rahisi, lakini si la kweli. Na kwa kuwa limerudiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, limekuwa sehemu ya maradhi yenyewe.

MIJI TISA

Wamijikenda, kama jina lao linavyoonyesha, ni watu wa miji tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu karibu watu milioni 2.5 wa jamii hii nchini Kenya. Wadigo na Waduruma wengi wako upande wa Kwale, kusini mwa Mombasa. Wengine wengi wako Kilifi, kutoka vilima vya Rabai mpaka ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mgiriama humwita Muumba Mulungu, na Mswahili akamwita Mungu.

Masimulizi ya wazee yanasema kwamba mababu walitoka Singwaya, huko kaskazini katika nchi ambayo leo ni Somalia, wakafukuzwa na vita na kushuka kufuata pwani. Wataalamu wa historia na wa mambo ya kale wanabishana kuhusu safari hiyo, kwani wako wanaosema kwamba sehemu kubwa ya watu hawa walikuwa papa hapa tangu zamani. Kwa kawaida huelezwa kwamba kuanzia karne ya 16 miji ilijengwa ndani ya misitu, mingi ikiwa juu ya vilima, ikazungushiwa miti mikubwa na kuachiwa njia nyembamba za kuingilia. Miji hiyo ndiyo kaya. Msitu ulikuwa ukuta wake.

Watu wa pwani waliwaita Wanyika, maana yake watu wa porini. Wamisionari walipofika, akina Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliofungua kituo Rabai mwaka 1846, walilikuta jina hilo likitumika, wakaliandika vitabuni. Wenyewe hawakulipenda. Katika karne ya 20 walijichagulia jina la Mijikenda, na hilo ndilo linalotumika leo.

NDANI YA KAYA

Katikati ya kaya mlikuwa na uwanja wa wazi uitwao moro, ambapo wazee wa baraza, yaani kambi, walikaa kuamua mashauri. Mahali pa siri palifukiwa fingo, kinga ya mji ambayo masimulizi yanasema ililetwa kutoka Singwaya. Kila mji ulikuwa na kaya yake kuu. Ya Wagiriama ni Kaya Fungo, iliyoko eneo la Kaloleni, na watu wengi huiita Kaya Giriama.

Watu walianza kuhama kaya na kulima mbali zaidi kadiri walivyoongezeka, na kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa akiishi ndani. Lakini kaya haikufa kwa kuhamwa. Iligeuka kuwa mahali pa kuzikia wazee, pa kuapia na pa kuombea mvua. Mwenye kuingia anavua viatu. Hakati mti, haokoti kuni, halishi mbuzi, wala hapigi kelele. Kwa sababu ya miiko hiyo, kaya zimebaki visiwa vya kijani katikati ya mashamba ya mihogo na minazi, na wataalamu wa mimea wamekuta humo miti ambayo imekwisha kutoweka kwingineko.

Je, wazee huabudu nini humo? Wanamwomba Mulungu, Mungu mmoja aliyeumba. Waliotangulia, ambao huitwa koma, huombwa kama watoto wanavyomwomba babu awatetee mbele ya mkubwa zaidi. Koma husimikiwa kijiti kifupi nyumbani na kumwagiwa tembo. Mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu alipokufa, alichongewa kigango, nguzo ndefu ya mti mgumu yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu. Hata juma lao la asili lilikuwa na siku nne tu, na moja kati ya hizo, jumwa, ilikuwa ya kupumzisha jembe.

Hakuna kitabu. Elimu yote hii ilipitishwa kwa mdomo, kutoka kwa mzee hadi kwa kijana aliyeonekana anafaa. Ndiyo maana mzee mmoja wa kaya akiuawa, ni kama maktaba imetiwa moto.

BARUTI YA AGOSTI

Serikali ya Kiingereza iliitambua nguvu ya kaya mapema. Mwaka 1913 maofisa wake walitaka Wagiriama walipe kodi ya nyumba, watoe vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wahame kutoka kaskazini mwa mto Sabaki. Mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijiji akicheza ngoma ya kifudu, ngoma ya maombolezo, na kila alipokusanya watu akawaambia wakatae. Yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaongoza wanawake na wanaume kula viapo katika kaya ili asiwepo atakayeshirikiana na serikali.

Wote wawili walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi Pwani kwa miguu. Serikali ikaona kwamba adui yake si mama mmoja, bali ni msitu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na miti na vibanda vyake vikatiwa moto.

Vita vilivyofuata viliua mamia ya Wagiriama. Waliobaki walitozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vijana 1,000 wa kubeba mizigo ya jeshi. Mekatilili alikamatwa tena, akaja kurejea nyumbani mwaka 1919. Leo sanamu yake iko Malindi, na kila Agosti Wagiriama hukumbuka ushujaa wake.

Tuangalie, hata hivyo, jinsi maofisa walivyojitetea. Walisema wanavunja ushirikina. Viapo vya wazee, vilivyokuwa ndiyo mahakama na bunge la watu hao, viliandikwa kwenye majalada ya serikali kama uganga wa kutisha. Mtu akikwisha kuitwa mshirikina, kumvunjia mahali pake pa sala hakuonekani tena kuwa ni dhambi.

WENZAO WA MBALI

Mkasa wa namna hii si wa Kilifi peke yake. Miaka mia moja kasoro siku moja baada ya baruti ya Kaya Fungo, yaani tarehe 3 Agosti 2014, wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu walivamia wilaya ya Sinjar, kaskazini mwa Iraki. Waliowaendea ni Wayazidi, watu wa dini ya kale wanaozungumza Kikurdi.

Msomaji wa Pwani akisimuliwa habari za Wayazidi ataona mambo anayoyafahamu. Mahali pao patakatifu ni bonde la Lalish, lenye miti na chemchemi, na anayeingia huko huvua viatu. Dini yao imehifadhiwa zaidi kwa tenzi zinazokaririwa kwa moyo kuliko kwa maandishi. Wana siku yao ya juma wanayoiheshimu, nayo ni Jumatano. Wanaamini Mungu mmoja, aliyeukabidhi ulimwengu kwa malaika saba, na mkuu wa hao ni Tausi Melek, Malaika Tausi. Mtu wanayemheshimu sana ni Sheikh Adi, aliyefariki katika karne ya 12 na kuzikwa Lalish.

Tofauti pia zipo, na ni kubwa. Myazidi huzaliwa Myazidi. Hakuna anayeingia dini hiyo kutoka nje, na kwa desturi hawaoi nje ya jamii yao. Mmijikenda huoa popote, na nyumba moja ya Kilifi yaweza kuwa na Mwislamu, Mkristo na babu anayemwagia koma tembo, wote wakila sahani moja.

Lakini jina baya walilobandikwa linafanana. Majirani walimlinganisha Malaika Tausi na Iblisi, wakawaita Wayazidi waabudu shetani. Jina hilo lilirudiwa kwa karne nyingi, na kila liliporudiwa kwa nguvu, mauaji yalifuata. Wayazidi wenyewe huhesabu zaidi ya mashambulizi 70 makubwa katika historia yao. Katika lile la mwaka 2014 wanaume na wanawake wazee waliuawa kwa maelfu, na zaidi ya wanawake na watoto 6,000 walitekwa na kuuzwa kama watumwa. Mwaka 2016 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema wazi kwamba hayo yalikuwa mauaji ya halaiki. Mmoja wa wanawake waliotoroka, Nadia Murad, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, jirani yetu wa Kongo, anayetibu wanawake waliobakwa vitani.

Kuna jambo la kujifunza katika yaliyofuata. Kwa desturi ya zamani, Myazidi aliyeolewa na mtu wa dini nyingine, hata kwa kulazimishwa, alihesabiwa ametoka katika jamii. Kiongozi wao wa kiroho, Baba Sheikh Khurto Hajji Ismail, ambaye alifariki mwaka 2020, alitangaza kwamba wanawake waliotoka utekwani ni mabinti wa jamii na wapokewe kwa heshima. Walipelekwa Lalish wakaoshwa kwa maji ya chemchemi takatifu, wakarudi nyumbani. Watoto waliozaliwa na watekaji hawakupata mlango huo, na jambo hilo limeacha majeraha kwa mama zao. Hata hivyo, ilionekana kwamba mila ya kale ikiwa mikononi mwa wazee wenye huruma inaweza kumfungulia mtu mlango, si kumfungia tu.

MZEE WA KAYA SI MCHAWI

Tukirudi Kilifi, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Katika Kigiriama, anayeroga ni mutsai, na anayetibu ni muganga. Mzee wa kaya ni mtu wa tatu kabisa: kazi yake ni sala, ushauri na kutunza msitu. Kwa mila za kaya, uchawi ulikuwa miongoni mwa makosa makubwa kupita yote.

Zamani, mtu aliyetuhumiwa alipelekwa mbele ya wazee. Mwenye kutuhumu alitakiwa kusimama hadharani na kusema, na jambo likishindikana kuliamua, viapo viitwavyo viraho vilitumika, kama kile cha kugusishwa shoka la moto. Hatuwezi kusifu njia hizo. Zilikuwa kali na hakuna anayeombea zirudi. Lakini palikuwa na baraza, palikuwa na muda, na palikuwa na wakubwa wa kusema hapana. Nguvu ya kambi ilipovunjwa, imani ya uchawi haikuvunjika. Ilibaki bila mlinzi wala hakimu, ikaangukia mikononi mwa yeyote mwenye panga.

Na mwenye panga mara nyingi ana sababu nyingine. Viongozi wa Pwani, polisi na watetezi wa haki za wazee wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba. Mzee ndiye mwenye ardhi, na hataki kuuza. Vijana hawana kazi, bei ya ardhi inapanda, na mnunuzi anangoja. Kumwita baba au ami mchawi kunageuza wizi wa urithi kuwa kana kwamba ni kazi ya kuokoa kijiji. Majirani nao hunyamaza, kwa sababu wanaogopa uchawi au wanaogopa waliomwua.

Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni, ilifanya kosa si kuroga tu, bali pia kumtangaza mtu kuwa mchawi. Watu wengi hawaifahamu sehemu hiyo ya pili. Na kuua, bila shaka, ni kuua, hata kama aliyeuawa ameitwa jina gani.

Ndani ya Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma, ambacho Chama cha Utamaduni cha Malindi, MADCA, kimekitumia kuwahifadhi wazee waliofukuzwa kwao kwa tuhuma za uchawi. Wanapata mahali pa kulala na watu wa kuzungumza nao, na juhudi hufanywa kuwapatanisha na jamaa zao. Wako wanaorudi nyumbani. Wako ambao hawawezi kurudi. Kwamba mahali penyewe pameitwa kaya si ajabu, kwani ndiyo maana ya kaya tangu mwanzo: mahali pa kukimbilia unapofukuzwa.

WALIOIBIWA WAFU

Dharau iliyowafika wazee walio hai iliwafika hata waliokufa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, watalii na wafanyabiashara wa sanaa waligundua kwamba vigango vinapendeza sebuleni Ulaya na Marekani. Viling'olewa usiku kutoka makaburini, vikauzwa kwa bei ndogo Malindi na Mombasa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri. Familia ikiibiwa kigango huamini imemwudhi marehemu, na kila msiba unaofuata huhesabiwa kuwa umetokana na hilo. Hofu ikizidi, anatafutwa wa kulaumiwa, na tumekwisha kuona ni nani hulaumiwa.

Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa kutoka familia moja ya Kilifi vilirudishwa, baada ya watafiti kuvitambua katika makumbusho mawili ya Marekani. Vingine vimerudishwa baadaye. Vingi bado viko ng'ambo.

KAZI YA KIZAZI HIKI

Yako yaliyofanyika. Mwaka 1992 serikali ilianza kutangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, 2009, mila zenyewe ziliingizwa katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Huko Kwale, wazee wa Kaya Kinondo huwatembeza wageni msituni kwa utaratibu wao, na fedha hurudi kijijini.

Lakini bango la UNESCO halimlindi mzee usiku nyumbani kwake. Msitu unaweza kuzungushiwa sheria na bado ukafa, iwapo wanaojua njia zake, majina ya miti yake na maneno ya kuombea mvua wanaondoka mmoja mmoja, wengine kwa maradhi ya uzee na wengine kwa panga.

Kwa wanafunzi wanaosoma makala haya, kazi iko karibu. Likizo ikifika na ukaenda kwa babu huko Chonyi, Jibana au Kauma, keti naye. Mwulize kaya yenu ni ipi, ukoo wenu ulikaa upande gani, na mti gani hukatwi na kwa nini. Andika. Si lazima ufuate dini yake ndipo uiheshimu, kama vile Mwislamu na Mkristo wa Kilifi wanavyoalikana sikukuu bila kubadilishana imani.

Na kwa wazazi: jamaa akipiga simu kutoka nyumbani na kusema mzee fulani ndiye aliyemroga mtoto, msipokee neno hilo na kulipitisha kwa wengine. Ulizeni mtoto amepelekwa hospitali gani. Ulizeni shamba la mzee huyo lina mgogoro na nani. Kisha mpigieni chifu, mapema, kabla usiku haujaingia. Maswali hayo mawili na simu hiyo moja yanaweza kumwachia mzee mvi zake.